Bima Iko Kwenye Daftari la Sista

Sisi ni watu wa barazani. Tunakaa Kisauni, ng'ambo ya Daraja la Nyali, na kila jioni baada ya magharibi, muuza kahawa akishatua dele lake, manung'uniko huanza. Miaka iliyopita tulinung'unikia maji ya mfereji. Ikaja zamu ya bei ya unga. Siku hizi tunamnung'unikia mmoja tu, na hata sura yake hatuijui. Tumempa jina la Mlipaji.

Mlipaji ni yule anayetakiwa kumlipa Sista tukishatibiwa. Hatumwiti kwa jina lake la ofisini kwa kuwa jina hilo hubadilika, na kila likibadilika tunaambiwa aliyetukosea ni yule wa kwanza.

Sista tunamjua. Kliniki yake ni vyumba viwili na veranda, baina ya duka la vipuri vya bodaboda na kinyozi. Alifanya kazi ya uuguzi katika wadi za serikali mpaka akastaafu, akachukua kiinua mgongo chake, na wenzake walipokuwa wakinunua matatu yeye akanunua kitanda cha kupimia, friji ya chanjo na mizani ya watoto. Ukutani ametundika leseni mbili, yake na ya kituo. Mgeni akimwita daktari humsahihisha: "Mimi muuguzi, mwanangu. Likinizidi nitakwambia." Na likimzidi husema kweli, akaandika barua ya rufaa, akatoka mwenyewe kumsimamishia mgonjwa tuktuk.

Kwake tunapima presha na sukari. Watoto huchanjwa, waja wazito hupimwa, wanaopanga uzazi huja kwa sindano ya miezi mitatu. Fundi wa mawe akijikata hushonwa. Homa ya usiku hubisha kwake kabla ya kubisha kwingine kokote. Mwaka 2017 wauguzi wa serikali walipogoma kwa miezi mitano, na mwaka 2024 madaktari walipogoma kwa siku 56, foleni ya kwa Sista ilifika kwa kinyozi. Hakuongeza bei. Tunayakumbuka hayo, ndiyo maana tunanung'unika kwa niaba yake. Mwenyewe hana mazoea hayo.

Tuanze na pesa zetu, maana mtu akilalamika bila kusema alitoa nini huonekana mdoezi.

Hazina ya zamani ya bima ya hospitali, NHIF, iliundwa mwaka 1966. Mpaka inavunjwa, mwenye mshahara alikuwa akikatwa baina ya shilingi 150 na 1,700 kwa mwezi, na asiye na mshahara akitoa 500. Oktoba 2023 sheria mpya ilitiwa saini, na Oktoba 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ikaanza kazi. Makato yakawa asilimia 2.75 ya mshahara mzima, kabla haujaguswa na mkono mwingine. Tuseme haki: mlinzi wa usiku anayepata 15,000 alikuwa akikatwa 600, sasa hukatwa 412 na nusu, na hatujamsikia akilia. Mwalimu wetu wa 50,000 alitoka 1,200 akafika 1,375. Mwenye laki moja alipanda kutoka 1,700 hadi 2,750. Huyo wa laki hakai barazani petu, lakini tunamhesabia kwa ujirani mwema.

Mama wa mahamri hana mshahara wa kukatwa. Yeye alihojiwa: nyumba yako imeezekwa nini, choo ni cha namna gani, unapikia nini. Ukijibu, kikokotoo hukupa ada yako. Kiwango cha chini kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi, yaani 3,600, na asiye na mshahara hutakiwa aitoe ya mwaka mzima kwa mkupuo. Pato la mahamri halijui mwaka. Linajua asubuhi: unga, tui, iliki, mafuta, makaa, na kinachobaki ni cha kitoweo cha jioni. Mwaka 2025 ukaletwa mpango wa Lipa SHA Pole Pole, kwamba mtu akopeshwe ada hiyo airudishe kidogo kidogo. Tulimweleza, akaweka chini sinia lake.

"Ngojeni nielewe," akasema. "Mimi nikope nimlipe Mlipaji. Naye Mlipaji amkope Sista. Sasa mwenye pesa hapa ni nani?"

Hakuna aliyemjibu. Muuza kahawa aligonga vikombe vyake, tukanyamaza kwa heshima ya swali.

Mwalimu ndiye aliyetufafanulia, kwa kuwa yeye husoma gazeti mpaka matangazo ya vifo. Sheria, alisema, imeweka vyungu vitatu. Chungu cha kwanza ni Hazina ya Afya ya Msingi, cha zahanati na vituo vya afya, yaani daraja la 2 na la 3. Hicho hujazwa na kodi, si michango yetu, kwa hiyo yeyote aliyejisajili hutibiwa huko pasi na kutoa kitu mlangoni. Chungu cha pili ndicho cha bima yenyewe, kinachopikiwa kwa michango, na hulipia kulazwa, kujifungua, upasuaji. Cha tatu ni cha dharura na maradhi sugu, pale cha pili kinapokauka. Mpangilio huo ukiusikiliza kwenye redio unapendeza. Hata sisi ulitupendeza, tukajisajili kwa *147# mpaka bibi zetu.

Kliniki ya Sista iko daraja la 2. Kwa hiyo chakula chake kiko kwenye chungu cha kwanza, na hapo ndipo mwalimu alipotusomea kiwango kilichotangazwa cha matibabu ya nje: shilingi 900 kwa mtu mmoja kwa mwaka. Tukamwambia arudie. Akarudia. Mama wa mahamri akagawanya kwa 12, akapata 75 kwa mwezi. Kwa bei yake ya shilingi kumi, ni mahamri saba na nusu. Mahamri saba na nusu ndani yake mna kipimo cha malaria, glavu, pamba, dawa, umeme wa friji, kodi ya vyumba viwili na mshahara wa binti anayeandika majina. Tunajua hesabu za bima zinategemea kuwa wengi hawataugua, na kwamba aliye mzima humbeba mgonjwa. Lakini wale wazima hawaji kwa Sista. Huja sisi, tena tuna presha.

Lakini si udogo wa hizo 900 unaotukesha. Shilingi ndogo ikifika kwa wakati inanunua dawa. Yetu sisi ni kwamba hata hiyo ndogo ina safari ndefu.

Safari huanza kwa kuthibitisha kuwa wewe ni wewe. Mwanzoni ilikuwa kwa nambari ya siri inayotumwa kwenye simu. Mzee wa mbao, mwenzetu wa barazani, alisajiliwa na mwanawe, na simu iliyoandikwa ni ya huyo mwanawe, aliye Doha akijenga nyumba za watu. Mzee akienda kupimwa sukari, nambari hulia Doha. Mwana yuko juu ya jukwaa la ujenzi, simu iko kwenye kabati. Akija kuiona, muda wa nambari umepita. Sista hutazama saa, hutazama mdomo wa mzee uliokauka, halafu humpima. Atafanyaje? Amwambie sukari isubiri mpaka Doha waende mapumziko ya adhuhuri?

Ikaja alama ya kidole. Tukasema afadhali, kidole hakiko Doha. Kumbe fundi wa mawe hana alama, simenti imezila. Mama mfua nguo hana alama, sabuni imezila. Mfua nazi ana vidole vilivyo kama kifuu. Kifaa kinawaka taa, kinakataa. Futa mkono. Jaribu cha kati. Jaribu cha mkono wa kushoto. Mwenye vidole laini ndiye anayesomeka haraka, naye aghalabu ndiye mwenye uwezo wa kwenda kwingine.

Mgonjwa akishatambulika, Sista hutibu, kisha usiku huketi kuandika madai kwenye mtambo. Mtambo una siku zake za kulala. Hapo binti huandika kwenye karatasi, na kesho karatasi huandikwa upya. Dai likienda, laweza kukubaliwa, laweza kurudi. Likirudi huja na sababu ya maneno mawili ya Kizungu ambayo hata mwalimu hutafuta miwani. Likikubaliwa, jina la dai hubadilika rangi kwenye kioo, na Sista hufurahi siku hiyo. Rangi hainunui dawa. Anayemuuzia dawa huko mjini hataki kuoneshwa kioo, anataka pesa kwenye simu kabla mzigo haujapanda tuktuk.

Mtasema tunazusha, kwamba haya ni ya baraza. Basi tuyaache ya kwetu, tuseme yaliyosemwa kwa vipaza sauti. Machi 2025 Rais mwenyewe alitangaza kuwa NHIF iliyovunjwa iliacha deni la shilingi bilioni 30 hivi kwa hospitali, na kwamba wanaodai milioni 10 au chini yake walipwe chote. Hao, alisema, ni asilimia 91 ya vituo. Wakubwa wahakikiwe kwanza. Wiki chache kabla ya hapo, chama cha hospitali za kibinafsi za mijini na mashambani, RUPHA, kilikuwa kimetangaza wanachama wake watasitisha huduma za bima kwa kutolipwa. Kwa hiyo hatuko peke yetu. Tofauti ni kwamba hospitali ya ghorofa ikisitisha huduma huita waandishi wa habari. Sista akisitisha, nani atajua, zaidi ya kinyozi?

Na asilimia 91 hiyo ituulize swali. Ikiwa wengi hivyo wanadai kidogo hivyo, basi wengi wa wanaoibeba bima ya nchi hii ni watu wa kiwango cha Sista: vyumba viwili, friji moja, binti mmoja wa kuandika. Mwenye hospitali kubwa akicheleweshewa huenda benki, huonesha hati ya ploti, hukopeshwa. Sista ataonesha mizani ya watoto?

Tunajibiwa kuwa wizi ulizidi, ndiyo maana wanachunguza. Kweli. Hatuna undugu na wezi. Mwaka 2025 Waziri wa Afya, Aden Duale, alitangaza kusimamishwa kwa vituo vilivyoshukiwa kudai malipo ya wagonjwa hewa, na tulipiga makofi hapa barazani. Mtu anayelaza maiti na kudai amemtibu, na afungwe. Lakini chujio la kumnasa papa lisitumiwe kuwakausha dagaa. Anayetaka kujua kama Sista alimtibu mzee wa mbao si lazima aingie kwenye mtambo. Aje aulize kwa kinyozi. Atapewa siku, saa, na rangi ya kanzu aliyovaa mzee.

Tena kuhusu huo mtambo. Ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, Nancy Gathungu, iliyotoka mwaka 2025, ilisema mfumo wa kidijitali wa afya wa shilingi bilioni 104.8 si mali ya serikali. Sisi hatujui kompyuta. Tunachojua ni kupanga nyumba. Mpangaji akilipa kodi hupewa risiti, na mwenye nyumba ni mwenye nyumba. Tulipoambiwa bilioni hizo zote ni za mtambo ambao ukilala mzee wetu hapimwi, mzee alisema neno moja, nalo halichapishiki.

Sasa yafuatayo ndiyo yanayotuuma. Siku moja tulifika kwa Sista tukakuta kibandiko kipya mlangoni, kimeandikwa kwa mkono wake mzuri wa kishule: *Dawa za presha na sukari kwa sasa ni kwa pesa taslimu. Samahanini.* Neno hilo la mwisho alilipigia mstari. Mwalimu, aliyekatwa 1,375 zake mwisho wa mwezi bila mtu kumwambia samahani, alitoa mfukoni tena. Mama wa mahamri hakuwa nazo. Sista alimtazama, akafungua kabati, akampa kifuko cha wiki mbili, akavuta daftari.

Daftari hilo ni la shule, la kurasa 96, lenye majedwali ya kuzidisha nyuma. Wote tumo. Mzee wa mbao 300. Fundi wa mawe 650, kidonda na sindano ya pepopunda. Mlinzi wa usiku 200. Mama wa mahamri 450. Ni daftari kama la dukani, la sukari robo na mafuta ya kupima, na sisi wa Pwani tunaujua mwenendo wa deni la duka. Ukiwa nalo hupiti mbele ya duka umeinua kichwa. Unazunguka uchochoro wa pili. Ukipata shilingi mia ya kwanza unaipeleka kabla hujala, maana kesho utamhitaji tena mwenye duka, naye atakuuliza habari za watoto kwanza kabla ya kukuuliza pesa.

Kwa hiyo tukiulizwa nchi hii ina bima ya afya au haina, tutajibu kuwa inayo. Iko kwa Sista, kwenye kabati la chini, juu ya boksi la glavu. Yeye ndiye anayebeba hatari, yeye ndiye anayesubiri, yeye ndiye anayekula hasara tusipolipa. Kazi yote ya bima anaifanya yeye, isipokuwa ile ya kukusanya michango. Hiyo wameshikilia wengine, na kwenye kukusanya hatujawahi kusikia mtambo umelala.

Tunataka nini? Mwalimu alisema malalamiko bila ombi ni kelele, basi tukaandika.

Mlipaji awe na siku. Sisi mwisho wa mwezi wetu unajulikana, makato hayakosei hata siku moja. Naye apewe tarehe ya kumlipa mwenye kituo kidogo, na ikipita aseme kwa nini. Dai likikataliwa, sababu iandikwe kwa Kiswahili kinachoeleweka, ili lirekebishwe wiki hiyo, lisizunguke miezi. Wadogo walipwe kwanza: hilo limeshatamkwa na Rais mwenyewe kuhusu deni la zamani, basi na lifanywe desturi ya deni jipya. Mama wa mahamri aruhusiwe kutoa chake kwa siku au kwa wiki kutoka kwenye simu yake, bila kuingizwa kwenye mkopo. Mwenye vidole vilivyolika apewe njia nyingine ya kutambuliwa, tena iandikwe ukutani, isiwe hisani ya muuguzi.

Na ombi la mwisho ndilo rahisi kuliko yote. Kila mwezi kibandikwe mlangoni mwa kila kliniki kikaratasi kimoja: madai yaliyopelekwa ni kiasi gani, yaliyolipwa ni kiasi gani. Sisi wenyewe tutajumlisha. Barazani kuna mwalimu wa hesabu na mama anayejua kugawanya kwa 12.

Tuliyaandika hayo kwenye karatasi, tukampelekea Sista asome kabla hatujaisambaza, kwa adabu. Alisoma amesimama, akiwa na glavu moja mkononi. Alisahihisha herufi mbili. Halafu akafungua daftari lake ukurasa wa nyuma kabisa, karibu na majedwali ya kuzidisha, akatuonesha. Ukurasa mzima una mdeni mmoja. Hakuandika jina, ameandika tu "Bima", na chini yake miezi imepangwa safu, na mbele ya kila mwezi kiasi, vingi havijapigwa alama ya vema. Wino wa juu umeanza kupauka.

Mzee wa mbao alivaa miwani, akafuata safu kwa kidole chake mpaka chini. Akarudi ukurasa wa mbele, akatafuta jina lake, akaliona na 300 zake. Akaingiza mkono kwenye kanzu, akatoa noti ya mia mbili, akaiweka juu ya meza.

"Nipunguzie," akasema. "Mimi napita hapa kila siku."